Nyati Waendao Malishoni Usiku: Nilivyolala Kijijini Banni

Wageni wengi wanaofika Banni, kaskazini mwa wilaya ya Kutch katika jimbo la Gujarat, hufika mchana na kuondoka jua likizama. Hupita vijijini wakanunua nguo zilizotariziwa, wakapiga picha za nyumba za duara, kisha gari likawawahisha kwenye jangwa jeupe la chumvi waone machweo. Lakini kijiji cha Banni hufanya kazi usiku. Mifugo hutoka jioni na kurudi alfajiri. Anayeondoka saa kumi na mbili jioni anaondoka wakati ndiyo kwanza kazi inaanza. Kwa hiyo kila anayeniuliza habari za India humwambia hivi: ukikaribishwa kulala kijijini, lala.

Mimi nimezaliwa kwa Wailchamus, karibu na Ziwa Baringo nchini Kenya, upande wa Marigat. Kwetu ni mbuzi na ng'ombe. Nilikwenda Ahmedabad kusoma, na kwa muda mrefu India niliyoijua ilikuwa ya hosteli, foleni za basi na mitihani. Aliyenitoa huko ni mwenzangu wa darasa, binti wa mjini Bhuj. Baba yake kwa miaka mingi alikuwa akinunua mava kutoka kwa wafugaji wa Banni. Mava ni maziwa yanayochemshwa na kukorogwa pole pole mpaka maji yake yaishe, likabaki donge zito la kutengenezea vitu vitamu. Kabla magari ya kukusanya maziwa hayajaanza kufika kule, mfugaji wa mbali hakuwa na njia bora ya kuuza maziwa yake bila kuharibika. Biashara hiyo ilizaa urafiki wa nyumba kwa nyumba. Rafiki yangu akawapigia simu, akawaambia ana mwenzake kutoka Afrika ambaye wazazi wake ni wafugaji. Jibu lilikuja siku ile ile: aje.

Tulipanda treni ya usiku kutoka Ahmedabad, tukafika Bhuj asubuhi. Bhuj ni mji uliojengwa upya. Asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001, India ikisherehekea Siku ya Jamhuri, tetemeko kubwa lilipiga Kutch, likaua maelfu ya watu na kubomoa mitaa mizima ya mji huo mkongwe. Mama yake rafiki yangu alipotuandalia chai aliniambia habari za asubuhi hiyo akiwa amesimama, mkono umeshika ukuta. Nakumbuka alivyomaliza: nyumba za mawe ziliua watu, nyumba za udongo za Banni nyingi zilibaki zimesimama. Sikumwelewa vizuri mpaka nilipoziona.

Kabla ya kwenda kaskazini tulipita Madhapar, kijiji kilicho karibu kabisa na Bhuj, kumsalimia shangazi yake. Pale nilipata mshangao mzuri. Bibi kizee aliyevaa sari nyeupe aliuliza natoka wapi, akasikia Kenya, akaanza kunisemesha Kiswahili cha Nairobi ya zamani, hana hata haja ya kufikiri. Alikuwa ameishi mtaa wa Ngara. Vijiji vya kuzunguka Bhuj vimejaa familia ambazo zimeishi Nairobi, Mombasa na London, na fedha zao zimejenga nyumba za ghorofa zenye sakafu ya marumaru, nyingine zimefungwa kwa kufuli mwaka mzima. Hicho nacho ni kijiji cha Kihindi, kwa namna yake. Bibi aliniuliza kama maembe ya Mombasa bado ni matamu. Nikamwambia ndiyo.

Barabara ya kaskazini inapita kwenye kibao kinachoonyesha mstari wa Tropiki ya Kansa. Mimi niliyekulia karibu na ikweta nilishuka nikasimama pale, nikapigwa picha, tukaendelea. Baadaye kuna kituo cha ukaguzi cha Bhirandiyara, kwa sababu mpaka wa Pakistani uko mbele, ng'ambo ya jangwa la chumvi. Kila mgeni huandikisha kibali, na anayetoka nje ya India abebe pasipoti yenyewe. Pale pale kituoni wanauza mava ya moto kwenye vibanda. Mtu asipite bila kuila.

Baada ya Bhirandiyara nchi inakuwa tambarare. Banni ni mbuga ya nyasi yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,500, na mvua yake ni haba, huja kati ya Julai na Septemba na miaka mingine haiji. Tulikwenda mwishoni mwa Oktoba, nyasi bado zikiwa na rangi. Nilikuwa nikitazama dirishani nikiwa nimetulia, na ghafla moyo wangu ukagutuka. Kando ya barabara, pande zote mbili, ulisimama mti ninaoufahamu tangu utotoni: matawi yaliyopindana, miiba mirefu, maganda ya manjano yakining'inia. Ulikuwa ni mathenge, mathenge wetu wa Baringo.

Nitaurudia mti huo. Kwanza niseme habari za nyumba tuliyofikia.

Baba mwenye nyumba alitupokea nje ya baraza. Rafiki yangu alimwita Chacha, nami nikamwita hivyo hivyo. Tukasalimiana kwa salamu ya Kiislamu, maana wafugaji wengi wa Banni ni Waislamu waliotoka Sindh, ambayo leo iko Pakistani, vizazi vingi vilivyopita, na lugha yao iko karibu na Kisindhi. Wafugaji hao huitwa maldhari. Baada ya salamu sisi wanawake tulielekezwa upande wa pili, kwa mama na bibi na mabinti, na huko ndiko nilikokaa muda mwingi. Mwanamume anayefika mgeni hukaa kwenye baraza la wanaume na kulala huko, haoni nusu hii ya nyumba. Nashukuru kwamba niliziona zote mbili, kwa sababu Chacha alinialika baadaye kwa ajili ya mazungumzo ya mifugo.

Boma lao halina nyumba moja yenye vyumba. Kuna nyumba kadhaa za duara zinazoitwa bhunga, zimekaa juu ya baraza moja pana la udongo lililoinuliwa kutoka ardhini: moja ya kupikia, moja ya wazazi, moja ya mwana aliyeoa, moja ya wageni. Ukuta ni wa udongo, mnene kiasi kwamba nilipoweka mkono dirishani kiwiko changu kilikuwa bado ndani. Paa ni la nyasi, lenye umbo la pia iliyogeuzwa, na uzito wake hubebwa na boriti iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kigingi kilichosimama katikati yake. Tetemeko likija, ukuta wa duara hauna pembe ya kupasukia, na paa ni jepesi. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya yule mama wa Bhuj. Mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi. Usiku wa Januari, waliniambia, ndani kuna joto.

Ndani ya bhunga ya wageni kuta zilipambwa kwa nakshi za udongo zilizobandikwa vioo vidogo. Wanawake wenyewe ndio huzifanya, kwa vidole, udongo ukichanganywa na samadi. Taa ndogo ikiwashwa, ukuta mzima unameta. Bibi alinionyesha sehemu aliyoifanya yeye na sehemu aliyoifanya marehemu mama mkwe wake, na tofauti ilionekana. Ya mkwe ilikuwa na mistari myembamba zaidi. Kila mwaka wanasiriba upya sakafu na baraza, na wanapofika kwenye nakshi hizo za zamani wanazikwepa. Kwetu pia wanawake ndio hukandika nyumba. Nilipowaambia hivyo walinishika mikono wakaitazama, wakataka kujua kama najua kazi. Asubuhi yake niliwaonyesha.

Chakula cha jioni tulikula chini, kwenye mkeka, wanawake peke yetu. Mkate mnene wa uwele uliopigwa kwa viganja na kuokwa juu ya chungu bapa, ukapasuliwa moto na kutiwa siagi nyeupe ya nyati. Mchuzi wa maziwa mgando uliotiwa bizari. Wali uliopikwa pamoja na dengu mpaka ukalainika. Kitunguu kibichi kilichopondwa kwa ngumi, pilipili ya kitunguu saumu, kipande cha sukari guru, na mtindi mwepesi wa chumvi usioisha, maana kikombe kikipungua kinajazwa. Mgeni haachwi aseme ametosheka mara ya kwanza. Kwa desturi yetu sisi maziwa hukaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi wa mti, na ladha ya moshi ndiyo ladha ya nyumbani. Maziwa ya Banni hayana moshi, ni mazito, yana utamu wake. Chai yao ni maziwa karibu matupu, nawe unaimimina kwenye kisahani ipoe, unakunywa kutoka kisahanini.

Sasa nyati.

Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba nitakwenda kwa watu wanaofuga nyati, mama alidhani nimechanganyikiwa. Nyati kwetu ni mnyama wa porini anayeua watu. Hawa wa Banni ni jamii nyingine kabisa, nyati wa maji waliofugwa kwa maelfu ya miaka huko Asia: weusi, wapole, pembe zao zimejikunja mara mbili kando ya kichwa. Mwaka 2010 serikali ya India ilimtambua rasmi nyati wa Banni kuwa ni mbegu ya kipekee, na waliopigania jambo hilo ni wafugaji wenyewe kupitia chama chao. Chacha anaisimulia habari hiyo kwa fahari, na ana haki. Kwa vizazi vingi wazee wake walichagua dume gani lizae na jike gani liachwe, bila kitabu, na siku moja wataalamu wa serikali wakaja kuandika waliyokuwa wakiyajua tangu zamani. Nyati mzuri wa Banni hutoa maziwa zaidi ya lita kumi kwa siku na bei yake huzidi rupia laki moja.

Mchana nyati hawa hulala. Ngozi yao nyeusi hushika jua na hawatoki jasho la kutosha kupoa, kwa hiyo wanataka kivuli na dimbwi. Jioni, baada ya kukamuliwa, huamka wenyewe. Hakuna aliyewafukuza. Jike mmoja mkubwa alijinyoosha, akatoka zizini, wengine wakamfuata mmoja mmoja wakapotea katika nyasi, na hakuna mtu aliyekwenda nao. Nilimtazama Chacha nikimsubiri achukue fimbo. Alikuwa anasokota tumbaku yake.

"Nani anawachunga?" nikauliza kupitia kwa rafiki yangu.

"Wanajichunga," akasema. "Ndama wako hapa. Mama atakwenda wapi?"

Ndama walikuwa wamefungwa karibu na baraza, wakilia kidogo kidogo. Hiyo ndiyo kamba yote inayowarudisha nyati nyumbani: kiwele kilichojaa na mtoto aliyeachwa. Bweha wapo, fisi wapo, hata mbwa mwitu wapo. Nyati wakihisi hatari hujipanga duara, pembe nje. Mimi niliyekua nikiambiwa usimwache mbuzi hata mmoja nje ya boma jua likizama, sikulala vizuri kwa niaba yao.

Tulilala nje, juu ya baraza, kwenye vitanda vya kamba, tumefunikwa mablanketi mazito ya viraka ambayo wanawake wa nyumba ile hushona wenyewe. Ndani ya nyumba yamepangwa kwa safu hadi karibu na paa. Wingi wake ni heshima ya nyumba, na mengine ni ya binti atakapoolewa. Kabla ya kulala ndipo mazungumzo yenyewe yalipofunguka. Mchana kila mtu alikuwa mkarimu na mwenye haya. Usiku, taa ikizimwa, maswali yakaja. Mabinti walitaka kujua nani alinilipia karo. Bibi alitaka kujua kama mahari kwetu hulipwa na upande wa mume au wa mke, na niliposema mume hutoa ng'ombe, akakaa kimya, kisha akaketi kitandani ili asikie vizuri ni ng'ombe wangapi. Mama mwenye nyumba aliuliza kama mama yangu analia nikiwa mbali. Rafiki yangu alitafsiri mpaka akasinzia katikati ya sentensi, nasi tukaendelea kwa ishara na vicheko. Ukiondoka jioni hupati saa hiyo. Mgeni wa mchana huulizwa nchi gani, ameolewa, ana watoto. Mgeni wa usiku huulizwa mambo ya moyoni.

Nilisikia kengele kabla ya kuona chochote. Kila jike kiongozi hufungwa kengele ya shaba, na kengele hizo hutengenezwa na mafundi wa vijiji vya Kutch kama Nirona, ambao huzigonga kwa nyundo, wakasikiliza, wakazigonga tena mpaka sauti iwe ile aliyoitaka mwenye mifugo. Chacha anajua kundi lake kwa sikio, na anajua pia la jirani. Alikuwa ameshaamka, ameketi kwenye ukingo wa baraza, anasikiliza. Akasema neno moja kwa mwanawe, naye kijana akatoka upande wa kushoto badala ya kulia. Saa kumi na moja na nusu nyati walikuwa wameingia wote, miguu na matumbo yamelowa umande, na kila mmoja akaenda kwa mwanawe. Wanawake na wanaume wakaanza kukamua, kila nyati akiitwa kwa jina lake. Nami nikapewa mmoja mpole. Chuchu za nyati ni ngumu kuliko za ng'ombe, mikono iliniuma hadi mchana. Maziwa yakapelekwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, yakapimwa mafuta, yakaingia kwenye tangi la ubaridi la chama cha ushirika cha Sarhad Dairy. Bei hufuata mafuta, na maziwa ya nyati yana mafuta mengi. Ushirika huo ulipofika Banni, Chacha alisema, ndipo vijana waliokuwa wamekwenda kuchoma makaa waliporudi kwenye mifugo.

Na makaa hayo ni ya mathenge. Nimeufikia mti.

Kwao unaitwa gando baval, mti wa kichaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 idara ya misitu iliupanda kwenye kingo za Banni ili kuzuia chumvi ya jangwa isisonge mbele. Kwetu Baringo uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni na ardhi isichukuliwe na upepo. Nia ilikuwa nzuri kote kuwili, na mti ukafanya kote kuwili kile ufanyacho: ukaenea, ukanywa maji, ukaua nyasi, ukafunga njia. Kwetu maganda yake matamu yaliozesha meno ya mbuzi mpaka wakashindwa kula. Mwaka 2006 watu wa kwetu waliishtaki serikali na kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. Nilipomsimulia Chacha kisa cha mbuzi huyo hakucheka hata kidogo. Alisema kwao ng'ombe ndio walioumia. Zamani Banni ilikuwa nchi ya ng'ombe wa Kankrej, wenye pembe kubwa zilizoinuka, na ng'ombe akila maganda yale kwa wingi tumbo lake hukataa. Nyati huvumilia zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya nyumba nyingi kuhama kutoka ng'ombe kwenda nyati. Mti wa kigeni ulibadilisha mifugo ya watu.

Tulikaa juu ya habari hiyo asubuhi nzima, mimi, Chacha, mwanawe na wazee wawili wa jirani waliokuja waliposikia kuna mgeni ambaye mti huo uko kwao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu niende India kuulizwa jambo ninalolijua kwa mikono yangu. Je, mnaukata wapi? Ukikatwa juu ya shina, kwenu huchipua? Mnasaga maganda? Nyuki wanaupenda? Niliwaambia baba anavyofanya: anachimba, anakata shina chini ya udongo, kwenye shingo ya mzizi, kwa sababu ukikatwa juu unarudi na matawi mengi kuliko ya kwanza. Mzee mmoja akapiga goti lake kwa kiganja. Hivyo hivyo, akasema, ndivyo wanavyofanya wao. Watu wawili wasiojuana, bahari nzima kati yao, wamefikia jembe moja kwa kushindwa mara nyingi.

Lakini mti haukuwa huzuni yao kubwa. Huzuni yao ilikuwa ardhi. Mwaka 1955 Banni ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi, na tangu hapo wafugaji wanaishi kwenye ardhi ya mababu bila karatasi ya kuonyesha ni yao. Sheria ya haki za misitu ya mwaka 2006 iliwapa njia ya kudai haki ya jamii juu ya malisho, na vijiji vya Banni vimekuwa vikidai. Wanachodai ni kitu kimoja kwa wote, malisho ya pamoja, yasikatwe viwanja. Chacha alieleza kwa kuchora mchangani: akichora uzio hapa na uzio pale, nyati wa usiku watapita wapi? Mnyama anayejichunga mwenyewe anahitaji nchi isiyo na ukuta. Kauli yao ni kwamba Banni iachwe iwe Banni. Niliwaza juu ya kwetu, jinsi ardhi ya jamii inavyozungushiwa nyaya kidogo kidogo na kila mtu akisema ni kipande chake tu. Mtu asione malisho ya pamoja ni mabaki ya ushamba. Ule mpango wote wa usiku nilioutazama kwa mshangao, nyati, kengele, ndama, unasimama juu ya makubaliano ya vijiji vingi kwamba hakuna atakayefunga njia.

Bibi alinionyesha pia jambo la maji, na naliandika kwa sababu vijana wao wenyewe wameanza kulisahau tangu mabomba yafike. Chini ya Banni maji ni ya chumvi. Mvua inaponyesha, maji matamu huzama kwenye mabonde na kukaa juu ya yale ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wazee walijua mabonde hayo. Walichimba visima vifupi viitwavyo virda, wakazungushia kingo fremu ya magogo na nyasi ili mchanga usiporomoke, wakateka ile tabaka ya juu tu. Kisima kikianza kuwa chumvi, walikifukia na kuchimba kingine pembeni. Ukiteka kwa pupa unavuta chumvi ya chini. Bibi alisema bomba likikauka watu husimama kungoja lori, na bonde liko pale pale.

Jangwa la chumvi lenyewe tulipelekwa jioni ya pili. Maji ya mvua yalikuwa bado hayajakauka vizuri, kwa hiyo lilikuwa nusu kioo, nusu theluji. Ni zuri sana. Wanaotaka weupe kamili waende Desemba hadi Februari, ambapo Dhordo huwa na tamasha kubwa na mahema, na kijiji hicho kilitajwa na shirika la utalii la Umoja wa Mataifa mwaka 2023 miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Asiye na rafiki kama niliyekuwa naye anaweza kulala Hodka, ambapo wanakijiji wenyewe wamejenga bhunga za wageni na fedha inabaki kwao. Ila aombe aamshwe saa kumi na moja.

Kwa wanawake wenzangu: beba mtandio mpana, vua viatu kabla ya kukanyaga baraza, na usiinue simu kupiga picha za wanawake wa Banni. Nyumba tuliyolala waliniambia mapema, kwa upole, kwamba uso wa binti usitoke nje. Mikono inaruhusiwa, kazi inaruhusiwa. Nina picha za mikono ikitarizi, mshono mdogo mno, kioo kisichozidi punje ya mtama kimeshikwa na uzi pande zote. Binti mkubwa alikuwa na blauzi aliyoianza akiwa mtoto, ya siku ya harusi yake, na haiuzwi. Alinionyesha nyingine za kuuza. Msiwabane bei watu hawa. Mtu aliyeharibu macho yake kwa wiki kadhaa juu ya kipande cha kifua anajua thamani yake, na wafanyabiashara wa mjini tayari wamembana vya kutosha.

Fedha ya malazi ni jambo la kuuliza mapema kwa aliyekupeleka. Rafiki yangu alinikanya nisithubutu kumpa Chacha noti mkononi, ingekuwa kumwambia nyumba yake ni hoteli. Tulikwenda na mfuko wa sukari, majani ya chai na kitambaa cha bibi, tukampa mama wa nyumba, si baba. Nami niliongeza shanga za kwetu, za shingoni, alizotengeneza mama yangu. Bibi alizichunguza upande wa nyuma kwanza, kama fundi, aone fundo limefichwa wapi.

Tangu hapo Chacha na baba yangu huzungumza kwa jumbe za sauti kwenye simu, kupitia kwangu na rafiki yangu, Kisindhi cha Banni kikigeuzwa Kigujarati, kikaja Kiingereza, kikaingia Kimaa. Ujumbe hukawia njiani kwa sababu sisi watafsiri tuna kazi zetu. Baba anataka kuona nyati akioga. Chacha aliuliza kama mbuzi wakilishwa maganda yaliyosagwa meno yao hupona. Baba akajibu kwamba yakisagwa hayaharibu zaidi, na yaliyokwisha kung'oka yameng'oka. Sasa Chacha anataka kujua kinu hicho cha kusagia ni cha namna gani, kinaendeshwa na dizeli au umeme, na baba amesema atapiga picha akienda Marigat siku ya soko.